Kumtembelea mzazi katika nyumba ya wazee Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wazee wengi wa Lubumbashi wanazeekea kwenye lupango lao (kiwanja chao cha nyumbani), katikati ya watoto na wajukuu. Lakini wako pia wanaoishi katika nyumba za wazee, mara nyingi mikononi mwa masista au parokia: mjane asiye na mtoto, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, aliyeondoka katika lile kundi la walioacha kazi kwa kulipwa 2003 na pesa ya kuondoka ikamwishia mkononi, mama ambaye watoto wake wametawanyika Ulaya na Afrika Kusini. Ukurasa huu ni wa ndugu zao. Majibu ni ya jumla. Kama kuna ugomvi wa urithi ndani yake, tafuteni avoka (wakili) mapema.

Haki ya kutembelea ni ya nani hasa?

Ni ya mzee. Tunaanza hapa kwa sababu karibu kila ugomvi tunaoletewa unazaliwa hapa. Watoto wanasema "ni baba yetu", mkurugenzi anasema "ni nyumba yetu", na mwenye kutembelewa hakuna aliyemuuliza kitu.

Mtu mzima akiingia nyumba ya wazee hageuki mtoto wala mfungwa. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inamlinda kila mtu katika maisha yake ya faragha, barua zake na mawasiliano yake. Kifungu cha 49 kinasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya hatua maalumu za kuwalinda, kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya utu. Kifungu cha 40 nacho kinawageukia watoto: wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Sasa soma vifungu hivyo pamoja. Upande wa mzee imeandikwa haki. Upande wa mtoto umeandikwa wajibu. Wengi wanakuja kwetu wakiwa wamegeuza.

Saa za kutembelea zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye kanuni za ndani za kila nyumba, ile karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa karibu na mlango ambayo hakuna anayeisoma mpaka siku ya ugomvi. Iombeni kabla ya kutia saini ya kumwingiza mzee, na mbaki na nakala.

Kanuni hizo zinaweza kupanga matembezi, haziwezi kuyafuta. Kusema "si wakati wa kuoga, si wakati wa dawa, si usiku" ni kupanga. Kusema "mje mara moja kwa mwezi" bila sababu yoyote ni kitu kingine, na mna haki ya kuuliza kwa nini. Ukifanya kazi mpaka jioni, au ukitoka Kipushi, Likasi au Kolwezi, omba saa yako mwenyewe. Masista wengi wanakubali ukiwaambia siku moja kabla. Wanachokataa ni kushtukizwa na watu kumi saa moja ya usiku, umeme umekatika, na wazee wengine wamekwisha kulala. Hapo tuko upande wao.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Ufaransa iliandika jambo hili katika sheria ya tarehe 8 Aprili 2024: anayeishi katika nyumba ya wazee ana haki ya kupokea kila siku mgeni anayemtaka, na mgeni halazimiki kutoa taarifa kwanza, isipokuwa mwenyeji mwenyewe akitaka hivyo. Mkurugenzi akikataa, lazima awe na sababu ya usalama au ya afya, na aieleze. Uingereza nako, tangu tarehe 6 Aprili 2024, nyumba za wazee na hospitali za England lazima ziruhusu matembezi, isipokuwa kukiwa na hali isiyo ya kawaida kabisa.

Sheria hizo hazifungi nyumba yoyote ya Katuba au ya Kampemba hapa Lubumbashi. Tunazitaja kwa sababu zinasaidia katika mazungumzo: mkurugenzi anayedai kwamba hakuna mahali duniani mgeni anaingia kila siku, mjibuni kwa upole kwamba papo.

Kaka yetu mkubwa ndiye anayelipa nyumba. Amewaambia masista kwamba sisi, watoto wa mama mdogo (mke wa pili wa baba), tusiingie. Anaweza?

Hapana. Na hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote.

Anayelipa ana haki ya risiti, ana haki ya kujua pesa yake inafanya nini, na aambiwe kabla bei haijapanda. Kulipa hakumfanyi bwana wa macho ya baba, kwamba yeye ndiye achague sura ambazo mzee ataziona kabla hajafa. Wala kuwa mtoto wa kwanza hakutoshi. Kwa desturi mkubwa anasema kwa niaba ya wadogo, sawa. Lakini hasemi kwa niaba ya baba aliye hai na mwenye akili timamu.

Kinachofaa kufanywa ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Sista au mkurugenzi amuulize mzee mwenyewe, bila mtoto yeyote kuwa chumbani: si kaka, si ninyi. Jibu liandikwe kwenye daftari la nyumba, na tarehe, na mzee atie saini au kidole. Mara moja tulikuwa hapo swali likiulizwa.

"Baba, watoto wa mama mdogo wako mlangoni. Waingie?"

"Wameleta tumbako?"

"Sijui, Baba."

"Basi waingie, tuone."

Jibu lile liliandikwa kama lilivyo, pamoja na tumbako yake, na kaka mkubwa alipoonyeshwa daftari hakuwa tena na la kusema.

Lakini mjiandae kwa upande wa pili. Mzee akisema "fulani simtaki", hiyo nayo ni haki yake, hata kama fulani ametoka Kalemie kwa gari la mizigo. Msimlazimishe, msilie mbele yake. Mwacheni siku chache, kisha atumwe mtu anayemsikiliza: manseba (mjomba), rafiki wa kazini wa zamani, katekista. Kama pande mbili haziwezi kukaa chumba kimoja bila kelele, gawaneni siku. Hawa Jumamosi, wale Jumapili. Na kama hakuna anayelegea, iteni baraza la familia. Hata Kanuni ya Familia, ile sheria ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inalitambua.

Nani anahesabiwa kuwa ndugu?

Yule ambaye mzee anamwita ndugu. Kuna nyumba zinazofuata orodha ya kizungu: mke, mume, watoto, basi. Mzee aliyelelewa kwa ukoo wa mama anaweza kumhitaji mwipwa wake kuliko mtoto aliyemzaa, na kuna mama wasio na mtoto ambao jirani wa miaka yote ndiye mtu wao wa pekee. Siku ya kuingia, tajeni majina yote mbele ya mzee, pamoja na wasio wa damu. Vilevile andikeni nani aitwe kwa simu kwanza. Jina moja na la pili la akiba, si majina manane.

Mlinzi wa mlangoni anaomba "ya sucré", pesa ya soda, ndipo afungue.

Msitoe. Matembezi hayauzwi. Mwambieni sista mkubwa, mkitaja siku na saa. Zawadi ya Krismasi kwa wafanyakazi ni jambo jingine, na itolewe ofisini, si getini.

Mama ana ugonjwa wa kusahau. Hatujui tena sisi watoto wake. Kuna maana ya kwenda? Na nani anaamua kwa niaba yake?

Nendeni. Anaweza asikumbuke jina lako, lakini akatulia ukimshika mkono, akala vizuri baada ya kusikia sauti anayoifahamu, au akaimba wimbo wote wa kanisa wakati hawezi kumaliza sentensi moja. Msimfanyie mtihani: "Mama, mimi ni nani? Niambie, mimi ni nani?" Unamtia aibu mbele ya watu. Sema mwenyewe: "Mama, ni mimi, mtoto wako wa tatu, nimekuletea mikate." Nendeni wawili, si kumi, na mchague saa ambayo anakuwa mtulivu, kwa wengi ni asubuhi, maana jioni fadhaa inazidi.

Kuhusu kuamua: kusahau peke yake hakumwondolei mtu haki zake. Anayetaka kusimamia mambo ya mzee kisheria lazima apite mahakamani, na mlango wa mambo ya familia ni Mahakama ya Amani, ile tunayoiita Tripaix. Karatasi iliyoandikwa na watoto wenyewe mezani kwao haitoshi. Hata pale mahakama imemteua mtu, mzee aendelee kuulizwa mambo madogo ya kila siku. Anayegeuza uso ukutani kila akija mgeni fulani amejibu tayari.

Tunaweza kumletea chakula?

Mara nyingi ndiyo, lakini ulizeni kwanza kama ana sukari au presha. Tumeona familia inaleta chupa ya soda na keki kwa mama mwenye kisukari, halafu usiku ule ule inalaumu nyumba kwamba haimtunzi. Bukari (ugali) liwe laini, na sombe (kisamvu) lipikwe bila chumvi nyingi. Samaki atolewe miiba mapema, kwa sababu mzee asiye na meno atakubali kila kitu mbele yenu na kuvitema mkiondoka. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, iliyokwisha chacha sana, hapana.

Jambo moja ambalo halisemwi: mwenzake wa kitanda cha pili anawatazama. Ongezeni kidogo kwa ajili yake.

Wamefunga mlango kwa sababu ya ugonjwa. Wana haki?

Wana haki ya kuzuia kwa muda. Kipindupindu, surua, mpox, kuhara kunakozunguka chumba hadi chumba: katika nyumba ya watu dhaifu, kizuizi kifupi kinaokoa maisha. Sote tunakumbuka hali ya dharura iliyotangazwa nchini tarehe 24 Machi 2020.

Lakini kizuizi lazima kiwe na sababu, na kiwe na mwisho. Uholanzi ilifunga nyumba zake zote za wazee tarehe 20 Machi 2020. Kufika tarehe 11 Mei ilikuwa imeanza kufungua kwa majaribio katika nyumba 26, mgeni mmoja kwa kila mzee, kwa sababu wazee walikuwa wanaporomoka kwa upweke. Kwa hiyo mkifungiwa, ulizeni mambo haya: ni ugonjwa gani, nani ameamua (daktari, ofisi ya afya, au mkurugenzi peke yake), na lini mtaangalia upya. Ombeni kumwona mzee dirishani au uani, mkiwa mmenawa na mmevaa barakoa. Na wewe mwenyewe ukiwa na homa au kikohozi, baki nyumbani. Kizuizi kingine hakihitajiki kama ndugu wana adabu hiyo.

Mzee anaelekea mwisho. Tunaweza kulala pale?

Ombeni, na ombeni kwa nguvu. Hospitalini kwetu mgonjwa ana mlinzi wake anayelala chini ya kitanda na hakuna anayeshangaa. Sioni kwa nini nyumba ya wazee iwe kali kuliko hospitali. Mtu mmoja au wawili kwa zamu, kimya, na kitenge chao cha kulalia. Sheria ya Ufaransa niliyoitaja inakwenda mbali zaidi hapa: mtu aliye katika siku zake za mwisho hanyimwi mgeni wake wa kila siku hata wakati wa janga la afya.

Pangeni mapema nani ataitwa saa nane ya usiku, kama padri au mchungaji anatakiwa, na mwili utapelekwa wapi. Nyumba ambayo haijui inapeleka mwili mochwari kwa haraka, na familia inafika asubuhi na kukuta kitanda kimetandikwa.

Watu wa maombi wanataka kwenda "kumfungua" bibi. Wanasema yeye ndiye anayezuia kazi za wajukuu.

Sista akiwafungia mlango, yuko sahihi. Baadhi ya wazee wako katika nyumba hizo kwa sababu hiyo hiyo: walisingiziwa uchawi nyumbani, wakatolewa vitu nje. Kumfuata mpaka huko na mafuta na kelele ni kumtesa mara ya pili. Kama bibi mwenyewe anataka sala, aombe nani aje, na aweze kusema basi. Kumlazimisha mtu mgonjwa afunge kula, kumpiga au kumnywesha vitu ni kosa la jinai hata kama limefanywa kwa jina la Mungu, na hapo njia ni polisi au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka).

Tunaweza kumletea baba karatasi za lupango atie saini?

Fikirini mara mbili. Kitanda cha mgonjwa ni mahali pabaya pa kuuzia lupango. Nyumba zenye busara zinakataza karatasi za mali wakati wa matembezi, au zinadai ziletwe mchana, mbele ya sista na mtu wa nje. Kama baba anataka kweli kuuza au kugawa, aje mthibitishaji wa hati au avoka, asomewe kwa Kiswahili au lugha yake, na watoto wote wajue. Kidole kilichobanwa kwenye wino wakati mzee amelewa dawa kitawafikisha Tripaix na kuwaweka huko miaka.

Wametukatalia bila sababu. Tunaanzia wapi?

Anzeni kwa mazungumzo na sista mkubwa au mkurugenzi, mtu mmoja mtulivu, bila simu inayorekodi mkononi. Jibu likiwa bado ni hapana, ombeni sababu kwa maandishi. Ikishindikana, andikeni ninyi barua, mpeleke nakala mbili, na nakala yenu ipigwe mhuri wa kupokelewa. Barua iwe fupi. Nyumba nyingi zinalainika hapo.

Kisha pandeni kwa mwenye nyumba: kama ni ya kanisa, ni parokia, shirika la masista au Caritas ya dayosisi. Upande wa serikali, ofisi inayohusika ni Divisheni ya mkoa ya Mambo ya Kijamii, wengi wanaijua kwa jina la DIVAS. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Machi 2013, inapokea malalamiko pia. Avoka akiwashinda bei, ulizeni ofisi ya ushauri wa bure ya baraza la maavoka.

Kama mna hofu kwamba mzee anapigwa, ananyimwa chakula au amefungiwa chumbani, msifuate ngazi hizi moja moja. Piga picha ya alama za mwili kwa ruhusa yake, mpelekeni kwa daktari, na siku hiyo hiyo mwende parke.

Mama yuko Ubelgiji katika nyumba ya wazee, sisi tuko hapa. Tuna haki gani?

Haki ni ile ile, ya mama. Huko nyumba za wazee ziko chini ya mamlaka ya majimbo: Wallonia ina AVIQ, Brussels ina Iriscare, Flanders nayo ina ofisi zake. Malalamiko yanakwenda kule ambako nyumba iko, si kwa balozi.

Safari ndiyo kikwazo. Viza ya muda mfupi inampa mtu siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi wakikukatalia. Ndugu aliye kule anaweza kutia saini ahadi ya kukugharamia, ile fomu inayoitwa Annexe 3bis. Ongezeni barua ya nyumba ya wazee au ya daktari inayoeleza hali ya mama. Ombi linaloeleza kwa nini sasa, na kwa nini wewe, lina uzito kuliko lile lisemalo tu "kutembelea familia".

Na simu?

Mzee ana haki ya kupiga na kupigiwa bila mtu kusimama juu ya kichwa chake. Walio nje wapange siku na saa maalumu ya WhatsApp na mfanyakazi anayejua kushika simu vizuri. Vinginevyo mtaangalia dari dakika kumi. Watumieni mega za intaneti, msiwaachie masista mzigo huo.

Mtoto wetu yuko katika sentre ya watoto (kituo cha kuwalea), si mzee. Inafanana?

Kidogo tu. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia 1990, unampa mtoto aliyetengwa na wazazi haki ya kuonana nao mara kwa mara, isipokuwa hilo likimdhuru. Anayeamua ni Mahakama ya Watoto, chini ya sheria ya tarehe 10 Januari 2009. Nendeni huko na karatasi ya kumweka mtoto pale.

Tunaweza kumtoa baba kwa siku moja, kwa arusi au matanga?

Kama anataka na daktari hakatai, ndiyo. Andikisheni kwenye daftari: nani amemchukua, kadi yake, saa ya kurudi, namba ya simu. Chukueni dawa za siku hiyo zikiwa zimehesabiwa, na nguo ya kubadilisha. Ulizeni kiti ataketi wapi na choo kiko umbali gani, kabla ya kuuliza atavaa nini. Kwenye matanga msimweke kwenye jua chini ya hema la plastiki mpaka jioni kwa sababu tu ni mkubwa wa ukoo. Aseme neno lake mapema, ale, arudishwe. Mkichelewa, pigeni simu. Mkirudi saa nne ya usiku bila kupiga, safari ijayo mtakataliwa, na hatutaweza kuwatetea.